Mashine Yenye Tundu la Kupokea

Paulina alipoondoka Mkonze, nje kidogo ya Dodoma, kwenda Dar es Salaam kumsaidia binti yao Hilda, aliyekuwa amejifungua mtoto wa kwanza, alisema atakaa miezi mitatu. Alibeba begi moja, kilo tano za unga wa uwele na sufuria yake ya uji, kwa sababu sufuria za watu wengine hakuziamini. Hiyo ilikuwa Februari ya mwaka juzi. Mtoto sasa anakimbia na anafungua friji mwenyewe. Sufuria haijarudi.

Hakuna aliyegombana na mtu. Elieza, mume aliyebaki, wakati mwingine alitamani ungekuwepo ugomvi, kwa maana ugomvi huitiwa wazee, wazee hukaa kikao, na kikao hufungwa. Kusaidia mtoto hakuna kikao. Kila mwezi palitokea sababu, na kila sababu ilikuwa ya kweli: chanjo, meno, dada wa kazi aliyetoroka na pasi. Hata umbali haukuweza kulaumiwa tena. Treni siku hizi inafika Dodoma abiria hajamaliza karanga zake.

Elieza alikuwa na miaka sitini na mitatu, na thelathini na mmoja kati ya hiyo aliitumia kwenye Hansard, akiandika kumbukumbu za mazungumzo ya Bunge. Kazi ilikuwa hivi: unavaa spika za masikioni, unasikiliza kilichosemwa, unaandika kilichosemwa. Si kilichokusudiwa, wala ambacho ingekuwa vizuri zaidi kama kingesemwa. Chini ya meza palikuwa na pedali ya mguu. Ukiikanyaga kwa kisigino, sauti inarudi nyuma sentensi moja, na aliyesema anasema tena bila kuchukia. Katika miaka yote hiyo Elieza hakuongeza neno lake hata moja, na alipostaafu walimpa saa ya ukutani.

Pedali ilibaki ofisini, lakini mguu ulikwenda naye nyumbani. Kanisani, mchungaji akimeza neno, kisigino cha kulia cha Elieza kilikanyaga sakafu. Mchungaji hakurudi nyuma hata mara moja. Paulina peke yake ndiye aliyeujua mguu huo. Walipokuwa wakila na akaona kisigino kinagonga, aliweka kijiko chini.

“Baba Hilda, unanirudisha nyuma tena?”

Kisha alirudia alichosema, kwa sauti kubwa zaidi na kwa maneno machache zaidi. Sasa mguu ulikanyaga, na hakuna kilichorudi.

Kilichobaki nyumbani kikiongea ni muziki. Elieza alikuwa na amplifaya na spika mbili kubwa za mbao alizonunua zamani kwa daktari mzungu wa hospitali ya Mvumi aliyekuwa akihama, na alikuwa na CD mia moja na arobaini za kwaya na dansi. Alikuwa pia amesoma kila kitu kilichopatikana kuhusu namna ya kuvisikiliza vitu hivyo. Spika mbili na msikilizaji, alisoma, wanatakiwa kukaa kwenye pembe tatu zilizo sawa. Akaazima futi ya fundi cherehani kwa jirani, akapima, akachora alama ya chaki sakafuni, akaweka kiti juu ya alama. Hapo mwimbaji alisimama mbele yako hasa, gitaa kushoto, ngoma kulia, nyuma kidogo. Ukihama hatua moja kulia, wote walikimbilia kulia kama mbuzi waliosikia pumba zikimwagwa. Mahali pa kusikia vizuri palikuwa pa kiti kimoja tu. Waliobuni stereo walikuwa watu wapweke, inaelekea, na hawakuona haya.

Jirani mwenye futi, mama mmoja aitwaye Dorkasi, alikuja siku moja kuazima spika kwa ajili ya kipaimara cha mjukuu. Elieza alimkalisha kwenye benchi la ukutani, upande wa kulia, akamwekea kwaya.

“Mbona redio yako inapiga ngoma tupu?” Dorkasi aliuliza baada ya muda. “Waimbaji wako wapi?”

“Wako huku kwangu.”

“Basi wasalimie,” alisema Dorkasi, akaenda kuazima spika kwingine.

Hayo Elieza alimsimulia Paulina kwenye simu, naye alicheka mpaka akakohoa.

Kisha deki ya CD ikaanza kufa. Ilianza kwa kutafuta wimbo muda mrefu, kama mtu anayepapasa miwani, ikaendelea kwa kuruka, ikamalizia kwa kuandika NO DISC kwa kila CD iliyowekwa. Elieza, aliyekuwa ameiweka CD kwa mkono wake mwenyewe, alijisikia kuitwa mwongo. Nyumba ikanyamaza kabisa. Ilipobaki saa ya ukutani peke yake, alipiga simu Dar.

“Mama Hilda, sasa lini?”

“Lini nini?”

“Kuja.”

“Nije nifanye nini huko, Baba Hilda? Nikae na ile TV inayonong’ona? Hapa kwa Hilda mtu akimeza mate kwenye tamthilia, unasikia koo!”

Alicheka. Nyuma yake Hilda alicheka, na mtoto akacheka kwa kuwa wenzake wamecheka.

Mtu mwingine angesikia utani, akacheka naye, akaaga. Elieza alisikia hoja. Paulina ameulizwa lini anakuja. Amejibu kwamba TV inanong’ona. Ndivyo ilivyosemwa. Alikata simu, akaenda kusimama mbele ya TV na kuitazama kwa mara ya kwanza kama kitu chenye lawama.

Ni kweli ilinong’ona. Ilikuwa bapa kama sinia, na spika zake vidude viwili vilivyotazama ukuta. Zamani, ilipofika saa kumi na moja na nusu jioni, Paulina alivuta kigoda mpaka sentimita chache mbele yake, huku nyuma yake mumewe akiwa amekaa kwenye alama ya chaki na spika zake kubwa zikimhudumia yeye peke yake. Elieza alikumbuka jambo hilo sasa akiwa mahali pa kigoda, na halikumpendeza.

Dawa ilikuwa kupitisha sauti ya TV kwenye spika kubwa. Tatizo lilikuwa amplifaya. Nyuma yake palikuwa na nafasi nne za kuingiza sauti, na tatu zilikuwa zimekufa kwa kutu na mende. Iliyobaki ilikuwa moja: ama CD, ama TV. Alisoma siku mbili kwenye simu, akagundua kwamba zipo deki za CD zenye tundu la dijitali la kupokea. Unachomeka TV kwenye deki, deki kwenye amplifaya, na ile nafasi moja inatosha wote wawili. Alimweleza Hilda.

“Baba, si ununue tu kaspika ka bluetooth? Kale ka duara.”

Elieza alimshukuru.

Asubuhi alikwenda mjini, karibu na soko la Majengo, kwa Abubakari, Mrangi wa Kondoa aliyeuza na kutengeneza mashine za mtumba. Abubakari alivaa miwani mbili, moja machoni na moja kwenye paji la uso, na alizitumia zote.

“Shikamoo, mzee Elieza. Bado unasikiliza kwa futi?”

“Marahaba, Abuu. Natafuta deki ya CD yenye tundu la dijitali la kupokea.”

“Za dijitali tele. Hizo hapo.”

“La kupokea.”

“Mzee, tundu ni tundu.”

“Hapana,” Elieza alisema, akaomba tochi.

Aligeuza deki tisa, akasoma migongo yao. Nane zilikuwa na tundu la dijitali, na juu ya kila tundu paliandikwa OUT. Zote zilikuwa tayari kutoa, hakuna iliyokuwa tayari kupokea. Baada ya miaka thelathini na mmoja kwenye kazi yake, hakuweza kusema ameshangaa.

Ya tisa haikuwa na tundu hilo kabisa, lakini ilikuwa nzito kama jiwe la kusagia, na mlango wake ulifunguka bila sauti. Abubakari aliipulizia vumbi, akaichomeka, akaweka CD ambayo Elieza alikuja nayo kwenye bahasha ya kaki. Mwimbaji alivuta pumzi kabla ya neno la kwanza. Elieza alikuwa na CD hiyo kwa miaka ishirini na hakuwahi kujua kwamba huyu bwana anavuta pumzi. Kisigino kikagonga sakafu.

“Umekanyaga waya?” Abubakari aliuliza.

“Hapana. Endelea.”

Waliusikiliza wimbo mpaka mwisho, wanaume wawili wamesimama katikati ya pasi na feni zilizokufa.

“Hiyo ndiyo yako, mzee. Ilikuwa inakusubiri.”

“Haina tundu.”

Abubakari alishusha miwani ya paji, akapandisha ya macho, akaenda nyuma ya duka. Palisikika vitu vikianguka. Alirudi na deki nyeusi yenye mkwaruzo juu, haina rimoti, na mlango wake ulilia ukifunguka. Lakini mgongoni palikuwa na matundu matatu, na juu yake paliandikwa IN: moja la waya wa kawaida, moja la waya unaopitisha mwanga, moja la kompyuta. Elieza akaangalia pia kama ni ya volti mia mbili na ushee au ni ya Kijapani ya mia moja, inayoungua siku unapoichomeka ukutani. Ilikuwa salama. Waliweka CD ileile. Mwimbaji alikuwepo, ila ni kama kasimama nyuma ya pazia, na kama alivuta pumzi, alifanya hivyo kwa siri.

“Mzee, nikushauri, ingawa najiharibia, maana hii imekaa hapa miaka minne,” Abubakari alisema. “Wewe ni mtu wa CD. Chukua ile nzito. Hii ya matundu ni ya mwenye watu. Kijana anakuja na kompyuta yake, anachomeka. Mama na TV yake, anachomeka. Nyumbani mko wangapi?”

Elieza aliangalia matundu.

“Kwenye kumbukumbu,” alisema, “wawili.”

Abubakari akaanza kuviringisha ile nyeusi kwenye magazeti. Waya wa mwanga alimpa bure, na kwa Mrangi huyo hilo lilikuwa tukio.

Nyumbani Elieza alichomeka kila kitu kwa kufuata mchoro alioutengeneza mwenyewe. TV ikaonyesha watu wakifungua midomo. Sauti hakuna. Alichomoa, akachomeka, akasoma mchoro, akampigia Abubakari.

“Ncha za ule waya zina vifuniko vidogo vya plastiki. Umevivua?”

“Vifuniko gani?”

“Mzee! Umemfunika mtu kofia usoni halafu unamlaumu haoni!”

Alivivua. Na hapo sebule ya Mkonze ikajaa mwanamke anayelia. Kuku wa Dorkasi walikimbia. Ilikuwa tamthilia ya Paulina, ya Waturuki waliotiwa sauti za Kiswahili, na mwanamke huyo alikuwa mwenye hoteli. Alilia kutoka katikati hasa, mbele ya kiti. Elieza, ambaye kwa miaka hakuwahi kuitazama, alikaa akaitazama. Iliposimama kwa matangazo, alipiga simu.

“Mama Hilda. TV hainong’oni tena.”

“Eh?”

“Nimenunua deki yenye tundu la kupokea. Sauti inapitia humo.” Alikuwa amepanga kuendelea, lakini sentensi inayofuata ilikuwa yake mwenyewe, na hizo hakuwa na uzoefu nazo.

“Hebu sogeza simu hapo,” Paulina alisema. Matangazo yaliisha, mwanamke akaendelea kulia. “Ala! Si mama wa hoteli huyu? Analia nini? Baba Hilda, mimi mwezi mzima sijaiona. Saa hizi hapa ni katuni tu, ukigusa rimoti mtoto anaita majirani. Hebu niambie kilichotokea!”

Basi Elieza akamwambia. Alisimulia kama alivyojua kusimulia, yaani neno kwa neno.

“Mama wa hoteli: ‘Mtoto huyu si wako, na hii barua ni shahidi.’ Kijana mwenye kovu: ‘Barua hiyo umeiandika wewe.’ Makofi.”

“Nani kapiga makofi?”

“Mama. Alimpiga.”

“Kofi, basi!”

“Yalikuwa mawili.”

Kesho yake Paulina alipiga mwenyewe, saa kumi na mbili kamili, tamthilia ilipoisha. Na keshokutwa. Elieza alianza kuandika kwenye daftari ili asipotoshe. Ilipofika saa kumi na moja aliosha uso, akakaa kwenye alama ya chaki, na kalamu. Aliacha kusikiliza CD. Aligundua kwamba kijana mwenye kovu huvuta pumzi kabla ya kusema uongo, na alimweleza Paulina, naye alisema, “Mwanaume mwenzio unamjua.” Simu zilikwenda nusu saa, wakati mwingine zaidi. Kwa muda huo wa kila siku, Elieza alikuwa na mke.

Ilimchukua wiki sita kuona alichokifanya. Siku hiyo, baada ya kumsikiliza, Paulina alisema kwa furaha, “Yaani Baba Hilda, kwa unavyosimulia wewe, hata sioni haja ya TV!” Akakata. Elieza alibaki na daftari mapajani. Alikuwa amenunua mashine ili mtu awe na sababu ya kurudi, na sasa kwa bidii yake mwenyewe alikuwa akimletea mtu huyo sababu ya kukaa, kila jioni, bila kuruka neno. Mwimbaji wa pumzi bado alikuwa dukani kwa Abubakari, au kwa mtu mwingine. Hoja ilikuwa imejibiwa vizuri mno.

Sehemu ya mwisho ya tamthilia ilitangazwa kuwa Alhamisi. Paulina alipiga mapema, dakika chache kabla haijaisha, kwa sababu alishindwa kusubiri. Kijana mwenye kovu alikuwa ndiyo kwanza amefika mlangoni pa hoteli na sanduku.

“Haya nipe. Kamwambia nini mama wa hoteli?”

Elieza aliangalia TV. Aliangalia benchi la ukutani, tupu.

“Umeme umekatika,” alisema.

“Wee! Sasa hivi?”

“Sasa hivi.”

Kabla Paulina hajasema kingine, vinanda vya Kituruki, arobaini labda, vilipanda kwa pamoja kutoka kwenye spika mbili za mbao, safi kabisa, bila mnong’ono hata kidogo. Elieza aliruka kwenda kupunguza sauti. Deki haikuwa na rimoti. Ilikuwa hatua nne mbali, na katika hatua hizo nne kisigino chake cha kulia kiligonga sakafu mara mbili kwa nguvu, kikitafuta kuyarudisha maneno.

“Baba Hilda.”

“Naam.”

“Umeme umekatika, na mimi nasikia vinanda?”

Alifika kwenye deki, akaizima. Haikusaidia chochote.

“Umenidanganya,” Paulina alisema. Hakusikika kukasirika. Alikuwa kama mtu aliyekuta samani imehamishwa. “Wewe?”

“Ndiyo.”

“Tangu lini?”

“Tangu sasa.”

Upande wa pili katuni zilipiga kelele. Elieza alijua kwamba hapa anatakiwa kusema. Alikuwa ameandika maelfu ya watu wakiombwa maelezo, na wote walikuwa wameanza kwa kushukuru kwa kupewa nafasi.

“Ya mwisho siisimulii, Mama Hilda,” alisema. “Zilizotangulia nimesimulia zote. Hii siwezi. Kuna marudio Jumamosi, saa nane mchana.”

“Hapo?”

“Hapa.”

“Na nikae wapi?” Paulina aliuliza, kwa sauti ambayo Elieza alishindwa kuiwekea alama, si kicheko wala si kingine. “Kwenye benchi la Dorkasi? Nisikie ngoma tupu?”

Hilo Elieza hakuwahi kulifikiria.

“Haya,” alisema Paulina. “Mtoto analia.” Na simu ikakatika.

Elieza aliandika maneno hayo kwenye daftari, yote matatu, akayasoma mara nyingi. Hayakuwa na ndiyo ndani yake. Hayakuwa na hapana. Kwenye kazi yake ya zamani mtu asingeruhusiwa kuongeza.

Ijumaa alifuta alama ya chaki kwa kitambaa chenye maji. Akatoa kiti cha pili chumbani, kile kilichokuwa kikiwekewa nguo, akakipangusa, akaviweka viwili sambamba mbele ya spika. Kisha akaweka CD na kujaribu kimoja kimoja. Kwenye cha kulia, mwimbaji alikuwa amesogea pembeni kidogo, kama anamwachia mtu nafasi. Kwenye cha kushoto ilikuwa mbaya zaidi, kwa kuwa upande huo spika ilikuwa imeelekea dirishani na upepo wa Mkonze ulichukua kilichobaki. Mahali pale pa zamani, katikati, ambapo kila kitu kilikuwa sawa, sasa palikuwa ni mwanya kati ya viti.

Jumamosi alipika uji mapema, kwenye sufuria isiyofaa. Saa saba na nusu aliwasha TV na deki, akahakikisha waya wa mwanga umekaa. Barabarani pikipiki ilipita, ikapunguza mwendo, ikaenda kwa Dorkasi. Hakupiga simu kuuliza treni. Ilipobaki dakika tano akafungua mlango wa mbele, akauegesha kwa jiwe usifungwe na upepo.

Vinanda vikaanza. Elieza alivitazama viti vyote viwili, kisha akakaa kwenye cha kushoto.